Wanafunzi wamenyoa, lakini kwenye picha wanajichorea nywele za singa: nifundisheje?

Mwl_KidatoChaPili aliuliza:

Habari zenu walimu na wasanii. Naandaa vipindi sita vya sanaa, kila kimoja dakika 40, kuhusu nywele, urembo na namna mwanafunzi anavyojiona. Darasa ni kidato cha pili, wanafunzi 46: wasichana 27, wavulana 19. Kanuni ya shule ni nywele fupi kwa wote. Wasichana kama kumi huvaa hijabu, yupo mwanafunzi mwenye ualbino, na wapo wawili wenye mapunye.

Zoezi la kujichora limeleta jambo ambalo sitaki kulipita. Karibu kila msichana amejichorea nywele za singa zinazofika mabegani. Nyuso zimeachwa nyeupe kama karatasi, au zimepakwa ile krayoni ya waridi ambayo darasa zima linaiita "rangi ya ngozi". Wavulana wamejiwekea duara jeusi juu ya kichwa, limekandamizwa penseli mpaka karatasi imechanika. Wakiulizwa, jibu ni moja: nywele zetu hazichoreki.

Naomba kujua nianze na nini, nitumie kazi gani za sanaa zenye kuwahusu kweli, na nikwepe nini ili somo lisimuumize mtoto. Vifaa nilivyonavyo ni penseli za HB na 2B, makaa ya jikoni, rangi za poster (nyekundu, njano, bluu, nyeupe), manila, gundi, magunia na uzi wa katani. Vioo viko viwili tu.

FundiMkaa alijibu:

Mwalimu, wanaposema nywele zao hazichoreki wana ukweli ndani yake: hazichoreki kwa namna waliyoonyeshwa. Mafunzo mengi ya kuchora hufundisha nywele kama mistari mirefu inayoteremka kutoka utosini. Mwenye nywele za kipilipili akifuata maelekezo hayo, ama atajichorea singa, ama atakoroga weusi. Kwa hiyo anza na ufundi wa mkono. Hotuba ya kujipenda iache kwanza, maana mtoto ambaye hajui kuuchora utosi wake hataamini ukimwambia kwa maneno kwamba ni mzuri.

Waeleze sababu, nayo iko chini ya ngozi. Kifuko kinachootesha unywele wa kipilipili kimepinda, na unywele wenyewe ukiukata kwa upana wake umebapa, wakati wa singa unakaribia duara. Ndiyo maana wetu hutoka ukijisokota. Kwa mchoraji, maana yake ni kwamba mwanga ukiangukia singa hukaa kama utepe mmoja unaong'aa, lakini ukiangukia kipilipili kila msokoto hushika nukta yake ndogo ya mwanga, na kati ya nukta na nukta pana giza. Mwanafunzi anayetafuta utepe hatauona, ataamua kichwa ni cheusi tupu, na hapo ndipo karatasi inapochanika.

Kipindi cha kwanza msichore uso. Chora kisogo. Kisogo hakina macho wala pua, hakuna anayekihukumu, na tatizo lako la vioo linakwisha papo hapo. Gawa makundi ya watano watano. Mmoja aliyekubali mwenyewe akae kwenye kiti akiwapa wenzake mgongo, mwanga wa dirisha ukimjia upande mmoja tu. Funga madirisha ya upande wa pili ikibidi, kwa sababu mwanga ukitoka pande zote vivuli hupotea.

1. Umbo kwanza, dakika tano, kwa HB na mkono mwepesi. Mkono unyooshwe, penseli ishikwe wima, jicho moja lifumbwe, wapime upana wa kichwa unaingia mara ngapi kwenye urefu wake. Shingo huanza karibu usawa wa ndewe za masikio. Wengi huiweka chini mno, kichwa kikawa kama embe juu ya mti.

2. Laza kipande cha mkaa ubavu wake na upake eneo lote la nywele kwa wepesi, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka ubaki weusi wa kati. Upande wa dirisha uache hafifu zaidi. Msiguse ukingo bado.

3. Sasa 2B iliyochongwa vizuri. Weka vijikunjo vidogo, kila kimoja kama herufi c au s yenye urefu wa milimita 2 hadi 3, vikielekea pande tofauti. Songamanisha upande wa kivuli, vitawanye upande wa mwanga. Mahali pengine pasiwe na kitu kabisa.

4. Ukingo wa kichwa usiwe mstari. Uwe vijikunjo vinavyotoka nje kidogo, vingine vinagusana, vingine haviguswi na mwenzake. Penye shingo, nywele hupungua polepole, haziishi kama zimekatwa kwa rula.

5. Rudisha nukta za mwanga. Raba ngumu huchafua mkaa, kwa hiyo tumia kiini cha mkate mweupe usiopakwa siagi: kikande kiwe kidonge, bonyeza na inua, usisugue. Kikishakuwa cheusi, chukua kingine. Makombo yafagiliwe siku ile ile, la sivyo sisimizi watamaliza kazi za darasa kabatini.

Makosa mawili yatajirudia. La kwanza ni kofia ya bodaboda, yaani mstari wa unene mmoja kuzunguka kichwa kizima. Mwambie aufute theluthi moja ya mstari huo upande wa mwanga, kichwa kitakuwa cha mviringo mbele ya macho yake. La pili ni kukandamiza penseli. Risasi ya penseli ikikandamizwa hung'aa kama bati, na sehemu iliyokusudiwa kuwa nyeusi kuliko zote inaonekana ya kijivu. Weusi mzito ni kazi ya mkaa.

Makaa ya jikoni hutoa vipande vigumu vinavyokwaruza karatasi. Bora mtengeneze yenu. Vijiti vikavu vya mforosadi, unene wa penseli, vimenywe magamba, vipangwe vimebanana ndani ya kopo la bati lenye mfuniko uliotobolewa tundu moja dogo la msumari. Weka juu ya makaa yanayowaka kwa dakika 45 hadi saa nzima, mpaka moshi wa tunduni ukatike. Kisha ondoa na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Likifunguliwa lingali na moto, hewa ikiingia vijiti vinawaka na kubaki jivu.

Kuhusu ile krayoni ya waridi: usiwagombeze, itoe tu kwenye boksi kwa wiki mbili na uwaagize kila mmoja achanganye rangi ya mkono wake mwenyewe. Kianzio ni njano sehemu 3, nyekundu 2, bluu 1. Bluu iongezwe kwa ncha ya brashi, kwa sababu ikizidi kidogo tu mchanganyiko unageuka kijani cha matope. Hilo likitokea dawa yake ni nyekundu. Wapake kipande cha manila cha sentimita 5 kwa 5, wakisubiri kikauke ndipo wakilinganishe na ngozi, karibu na dirisha. Rangi ya poster mbichi ni tofauti na iliyokauka. Kila mtu afanye vipande viwili, cha mgongo wa kiganja na cha ndani ya mkono, wataona wenyewe kwamba hata mtu mmoja hana "rangi ya ngozi" moja.

Tafadhali vipande hivyo visibandikwe ukutani kwa mpangilio wa kutoka mweupe kwenda mweusi. Ukifanya hivyo umetengeneza ngazi, na watoto watajua wamekaa ngazi ya ngapi. Vichanganyeni, mvikate vipande vidogo, mvitumie kama vigae vya picha moja ya darasa.

Nywele nyeusi nazo msichore kwa nyeusi ya chupa. Bluu na kahawia mliyochanganya wenyewe hutoa weusi wenye uhai.

Mtunza_Vinyago alijibu:

Naongezea upande wa kazi za kuonyesha. Usitafute mbali, mwalimu. Kinyago cha mapiko cha Wamakonde, wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kinatosha kujaza kipindi kizima. Huvaliwa kichwani kama kofia inayofunika kichwa chote, huchezwa kwenye sherehe za jando na unyago, na vingi vimepachikwa nywele halisi za binadamu kwa nta, zikiwa zimepangwa kwa ruwaza ya kinyozi. Vingine vina chale za usoni, na vya sura ya kike huwa na ndonya, kile kipande cha pambo kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu. Mwanafunzi akiona fundi aliyejali nywele fupi za kipilipili kiasi cha kuzipachika kichopa kwa kichopa, amepata jibu la ile "hazichoreki". Mlio Dar es Salaam mnaweza kuona vinyago vya Kimakonde Makumbusho ya Taifa.

Cha pili ni viegemeo vya kichwa vya Waluba Washankadi wa Katanga, Kongo. Ni vigoda vidogo vya mbao vya kulalia, shingo ikikaa juu yake ili nywele zilizosukwa zisiharibike usiku. Fundi mmoja wa karne ya 19, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alichonga watu wenye nywele zilizopangwa kwa tabaka zinazoshuka kisogoni kama maporomoko ya maji, na wataalamu wanamtambua kwa nywele hizo tu. Mpe mwanafunzi swali hili: msusi wa mtu huyu alifanya kazi kwa saa ngapi, na mwenye kichwa alilalaje siku zilizofuata?

Kwa shule yenu ya vichwa vilivyonyolewa, mfano wenye nguvu kuliko yote ni wa Wamaasai. Morani ndiye anayefuga nywele ndefu, zikasokotwa nyembamba na kupakwa mafuta na udongo mwekundu. Mwanamke hunyoa kipara, shanga zikapendeza zaidi. Morani akifika eunoto, sherehe ya kuvuka kutoka umorani kwenda utu uzima, mama yake humnyoa. Hapa kipara ni urembo wa mwanamke na nywele ndefu ni za kijana wa kiume, na watu hao wanaishi nchi moja na wanafunzi wako. Ukiweka pembeni yake amasunzu ya Rwanda, ambapo nywele hunyolewa na kuachwa matuta yaliyopinda kama mwezi mwandamo, na ilikuwa mitindo ya wanaume na ya wasichana ambao hawajaolewa, darasa litaona lenyewe kwamba kipimo cha uzuri hukatwa na watu wa mahali na wakati wake.

Wa picha za kamera, chukua J.D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria. Kuanzia 1968 alipiga picha za misuko ya wanawake wa nchi yake kwa rangi nyeusi na nyeupe, akakusanya karibu picha 1,000 kabla ya kufariki 2014. Nyingi amezipiga kutoka kisogoni au ubavuni. Zinaungana moja kwa moja na kipindi cha FundiMkaa, kwa sababu ukitazama msuko wa nyuma ya kichwa unaona mjengo wake kabla hujaanza kuuliza mwenye kichwa ana sura gani.

Namna ya kutazama: picha nne, kila moja A4, dakika nane kwa kila kundi kisha wabadilishane. Maswali yaende kwa mpangilio huu na usiuvuruge. Unaona nini? Kimetengenezwaje, kwa mikono ya nani? Nani alikivaa, na lini? Swali la "ni kizuri?" lisiulizwe kabisa. Likiulizwa mwanzoni, wanafunzi hucheka ndonya, na ukicheka kitu hukitazami tena.

Kuwa mwangalifu na picha za enzi za ukoloni zinazopatikana kwa wingi mtandaoni, zile za watu waliosimamishwa ubavu na uso mbele ya rula. Zilipigwa kupima vichwa, na mtoto huhisi hilo hata kama hajui. Makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu 2017 huruhusu picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumiwe bure. Humo utapata za Waluba zilizo safi za kuchapisha.

Msusi_Ukili alijibu:

Nizungumzie mikono, kwa sababu somo la nywele bila kusuka ni nusu ya somo. Kiswahili kinatumia neno lile lile: tunasuka ukili wa mkeka, tunasuka nywele. Kanuni ni moja, nyuzi tatu zinazopishana, wa pembeni ukiingia katikati. Kwa darasa la watu walionyolewa, gunia linakuwa kichwa.

Kwa kundi la watu wanne: gunia la sentimita 30 kwa 30, limebandikwa pembeni kwenye manila ili lisijikunje. Chora njia saba kwa chaki. Namba iwe witiri, ili mstari mmoja upite katikati na pande mbili zilingane. Kila mstari una nyuzi tatu, kila uzi ni fungu la katani sita zenye urefu wa sentimita 45. Zikisukwa hubaki kama sentimita 30, kwa sababu karibu theluthi huliwa na kupishana. Mistari saba inakula mita 57 za katani kwa gunia moja, na makundi 12 yanahitaji karibu mita 680. Punguza mistari iwe mitano kama katani ni chache, lakini usipunguze sita kuwa tatu, msuko utakuwa mwembamba na njia haitaonekana.

Katani ilowekwe maji dakika kumi kabla. Ikiwa kavu hukatika na kuchoma vidole. Fungu la kwanza lishonewe kwenye gunia upande wa paji, kisha suka, na kila baada ya kupishana mara tatu pitisha uzi wa sindano chini kushikilia msuko kwenye gunia. Msuko halisi wa kulala, ule unaoshikamana na kichwa, hauna sindano. Msusi huokota nywele kidogo kutoka chini kila anapopishanisha, na hapo ndipo kosa la kawaida lilipo: akiokota nyingi mwishoni kuliko mwanzoni, mstari unanenepa kisogoni kama mkia wa kenge.

Wakivuta sana, gunia litajikunja na matundu yatapanuka penye mshono wa kwanza. Simamisha kazi hapo, waonyeshe wote. Hicho ndicho hutokea kwenye paji la msichana aliyesukwa kwa kubanwa: mizizi ya pembeni huvutwa kila siku, vipele vinatoka, na ikirudiwa miaka mingi nywele za ukingo hazioti tena. Msuko unaouma umekosewa. Sentensi hiyo waiandike kwenye daftari, ina faida kuliko michoro mingi.

Na majina, mwalimu. Usikubali darasa liite kila kitu "rasta". Wapeni kazi ya kukusanya majina nyumbani, kwa bibi, shangazi, jirani msusi. Twende kilioni peke yake ina habari ndani yake: mistari mikubwa ya haraka kwenda nyuma, ya mtu anayewahi msibani. Wakenya wanaita mistari matuta, kama ya shamba, na ukiangalia shamba la viazi kutoka mlimani unaelewa. Watoto wakigundua nywele zao zina msamiati, hawatasema tena ni ngumu tu.

Chanuo na vitana visiletwe kushirikiana. Mapunye huambukiza kwa vitana, mashine, taulo na kofia. Na hao wawili wapelekwe kituo cha afya, kwa sababu mapunye ya kichwani hutibiwa kwa vidonge vya wiki kadhaa. Dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi.

Mnasihi_Shuleni alijibu:

Wenzangu wameeleza vizuri upande wa ufundi, mimi nitasema ya kukwepa.

Usiwaulize "hupendi nini kwako?" mbele ya wenzao, hata kwa karatasi isiyo na jina. Mwandiko unajulikana, na jibu la mmoja linakuwa jina lake la utani mpaka kidato cha nne. Swali salama, na ambalo linafundisha zaidi, ni la nje: nani alikuambia nywele nzuri ni zipi, ulilisikia wapi, ulikuwa na umri gani?

Usifanye jaribio la wanasesere. Walimu wanalisoma mtandaoni wanatamani kulirudia. Kenneth na Mamie Clark walilifanya Marekani miaka ya 1940 kama watafiti, wakawapa watoto weusi wanasesere weupe na weusi wachague, na matokeo yake yalitumika kwenye kesi iliyomalizika 1954 kwa hukumu dhidi ya kutenga shule kwa rangi. Ulikuwa ushahidi wa mahakamani. Darasani utamfanya mtoto ajitie aibu mbele ya watu, na huna cha kumpa baada ya hapo.

Simu zizimwe na picha zisipigwe, hata na mwalimu, mpaka kazi zimekamilika na mwenye kichwa ameridhia. Kisogo kilichochorwa hakina madhara. Kisogo chenye mapunye kikiingia kwenye kundi la WhatsApp hakitoki.

Wanaovaa hijabu wachore ushungi wao. Usiuone kama wamekwepa zoezi, maana kitambaa kinachokunjika kuzunguka uso ni mtihani mkubwa wa vivuli: kuna mkunjo unaoanzia kidevuni, unaobanwa na pini, unaoanguka begani. Wasiombwe kuvua, hata kama darasa ni la wasichana watupu. Mwanafunzi mwenye ualbino akae mbali na dirisha la jua na karibu na anachokichora, kwa sababu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza. Kwenye kuchanganya rangi, chupa ya nyeupe na njano ziwe mezani kwa wote, ili asiwe yeye pekee anayeinuka kwenda kuomba.

Zoezi la matangazo ni zuri likianza na hesabu. Kabla ya kukata gazeti au jarida kwa ajili ya kolaji, wachukue kurasa 20 na kuhesabu vichwa: vyenye singa, vyenye msuko, kipilipili, kipara, vilemba. Waandike namba ubaoni. Ukiwapa mkasi kwanza, kolaji zitajaa singa, na utadhani ni chaguo lao kumbe ndicho kilichokuwa mezani. Leta pia boksi tupu la dawa ya kulainisha nywele za watoto, watazame picha ya mbele na maandishi madogo ya nyuma. Mwalimu wa kemia aje dakika kumi: dawa nyingi za aina hiyo ni alkali kali, pH 12 hadi 14, zinavunja vifungo vya salfa ndani ya unywele, na ndiyo maana ngozi huungua ikikaa muda mrefu. Hilo ni somo, halihitaji kumsuta mama wa mtu aliyeweka dawa.

Kitu kimoja cha historia ningekiweka kipindi cha tano, siyo mapema. Afrika Kusini, chini ya sheria ya 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi, maofisa walipokuwa na shaka wangeweza kuchomeka penseli kwenye nywele za mtu. Ikianguka, mtu alihesabiwa mweupe. Ikinasa, hapana. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwekwa makundi tofauti. Wanafunzi watakuwa wameshika penseli hiyo hiyo kwa wiki tatu wakijifunza kuzichora nywele zinazoinasa, na watakuelewa bila maelezo marefu.

Kuhusu kanuni ya kunyoa: mwandikie mkuu wa shule muhtasari wa vipindi mapema, ukurasa mmoja. Wanafunzi wakiuliza kwa nini wananyoa, wape sababu ile ile ambayo shule huitoa, usiongeze kwamba nywele zao ni chafu au ni usumbufu. Hayo mawili ndiyo wanayoyabeba mpaka ukubwani.

Mwl_KidatoChaPili aliandika:

Nashukuru sana wote. Nimebakiwa na maswali mawili. Nitatoaje alama bila kuonekana natoa alama kwa sura? Na wavulana, ambao wanaona mambo ya nywele ni ya wasichana, niwaingizeje?

FundiMkaa alijibu:

Wavulana waingie kwa kinyozi. Vichana vya mashine ya kunyolea vina namba: namba 1 huacha nywele karibu milimita 3, namba 2 karibu 6, namba 3 karibu 10, namba 4 karibu 13. Kinyozi anayenyoa fedi, yaani mtindo wa nywele zinazofifia polepole kuelekea sikioni, anapanda namba hizo kutoka sikioni kwenda juu bila mshono kuonekana, na hiyo ndiyo kazi ya vivuli tunayoitafuta. Chora mstatili wa sentimita 3 kwa 20, ugawe sehemu tano, anza na karatasi tupu, maliza na mkaa mzito, kisha futa mipaka mpaka isionekane. Anayeweza kufanya fedi kwenye mstatili ataifanya kwenye kichwa cha ubavu. Mabango ya vinyozi yaliyochorwa kwa mkono nayo ni sanaa: wakatazame moja la mtaani, wahesabu mchoraji ametumia rangi ngapi kuonyesha nywele.

Alama 20. Umbo na vipimo 4, ngazi za weusi 6, vijikunjo na ukingo 6, maelezo ya maandishi ya sentensi tano 4. Waandikie ubaoni kabla hawajaanza. Hakuna alama ya "kufanana na mtu", hapo ndipo sura huingia kwa mlango wa nyuma.

Msusi_Ukili alijibu:

Na zoezi la kujichora lirudiwe kipindi cha sita, karatasi ya ukubwa ule ule na dakika zile zile za mwanzo. Za zamani usiwaonyeshe mpaka wamemaliza, kisha kila mmoja apewe zake mbili mkononi, azitazame mwenyewe. Usizibandike pamoja ukutani.

FundiMkaa alijibu:

Naam. Kabla ya kuzigawa, za mkaa zipulizwe dawa ya kushikilia nywele, ile ya kopo, nje kwenye hewa, umbali wa sentimita 30, mara mbili nyepesi na dakika kumi katikati. Ikipulizwa karibu hulowesha, mkaa ukatiririka. Jaribu kwanza kwenye karatasi mbovu, kopo zingine huacha madoa ya njano.